Kibao cha CNC: herufi zinaungua, unene haulingani, afu rangi inavuja. Naombeni msaada

KijanaWaRau (Moshi)

Wakuu habari zenu, poleni na majukumu. Nina kamashine ka CNC, kale ka kuchonga kwa kufuata kompyuta, ka meza ya sentimita 60 kwa 90, spindo (mota inayozungusha biti) ya kilowati 1.5, kanaendeshwa na programu ya GRBL. Nimepata kazi ya kibao cha mzee mmoja huko Marangu ana sehemu ya kulaza wageni na kuwaonyesha jinsi ya kukaanga kahawa. Anataka kiandikwe KARIBU KIHAMBANI, chini yake tawi la kahawa na buni zake nyekundu. Ubao alinipa mwenyewe, ni grevilia imetoka shambani kwake, inchi 1, vipande viwili nimeviunganisha kwa gundi nikapata sentimita 80 kwa 40. Hataki mbao ya dukani, anasema lazima iwe ya kwenye kihamba chake, yaani shamba lake la nyumbani, maana ndo jina lenyewe la biashara.

Sasa shida ziko tatu. Ya kwanza herufi zinaungua, kingo zinakuwa nyeusi na moshi unatoka kabisa. Natumia biti yenye ncha ya V ya nyuzi 60, RPM (mizunguko kwa dakika) 24,000, spidi ya kusogea milimita 500 kwa dakika, niliona nikienda taratibu ndo itatoka safi. Pili, herufi za upande wa kushoto zimetoka nene na za kulia zimekonda kama zimefunga Ramadhani, wakati kwenye kompyuta ni fonti moja saizi moja. Tatu ndo inaniumiza kichwa zaidi, rangi. Nilipaka ubao kijani kizito, nikabandika stika ile ya plota juu, nikachonga kukatisha stika, nikapaka nyeupe kwenye herufi, kubandua stika nakuta nyeupe imetambaa pembeni kama mizizi. Nimejaribu kwenye vipande vya pembeni, ni hivyo hivyo.

Ubao wenyewe wa kazi sijauharibu bado, hapo nazungumzia vya majaribio ila ni mbao hiyo hiyo. Naombeni mwongozo kabla sijagusa ule mkubwa, mzee anataka kabla wageni wa mwezi wa sita hawajaanza kumiminika.

---

FundiNjiro (Arusha)

Mangi salama? Nianze na kuungua maana hilo ni jepesi. Kwenda taratibu na RPM kubwa ndo kunakounguza. Chukua spidi ugawe kwa RPM ukizidisha idadi ya meno ya biti. Ya kwako kama ina meno mawili: 500 gawanya kwa 48,000, unapata milimita 0.01. Yaani kila jino linapopita linakwangua mia moja ya milimita tu, hapo halikati, linasugua, na kusugua ni moto. Shusha spindo iwe 16,000 mpaka 18,000, halafu pandisha spidi ifike 1,800 au 2,000 kama meza yako haitikisiki. 2,000 kwa 18,000 na meno mawili inakupa kama 0.055, hapo utaona chipsi zinaruka badala ya unga. Ukipata unga mlaini kama wa sembe ujue bado unasugua, au biti imekufa. Ila usishushe spindo mpaka chini kabisa, hizi za kupozwa kwa feni zikizunguka taratibu sana zinakosa nguvu na feni nayo haipozi kitu.

La pili. Biti ya V unene wa herufi unatokana na kina, kwaiyo ubao ukiwa umepinda herufi lazima zitofautiane. Hesabu yake: biti ya nyuzi 90, ubao ukishuka milimita 1 mstari unapungua milimita 2. Ya nyuzi 60 unapungua kama 1.15. Sasa fikiria herufi yenye mkia mwembamba wa milimita 3, ubao umebonyea milimita 2 upande wa kulia, utabaki na nini? Chukua rula ndefu ya chuma uilaze juu ya ubao uangalie mwanga unapita wapi, nakuhakikishia utauona.

Na kitu kingine, hizo herufi zina unene gani? Maana kama mstari wa herufi ni milimita 20 na unatumia V ya 60 bila kuweka kikomo cha kina, biti itataka kwenda chini milimita 17 na kidogo. Ubao wa inchi 1 ukishapigwa randa unabaki na 21 au 22. Utatokea upande wa pili ukikosea kidogo tu.

---

KijanaWaRau

Shukrani sana kaka, hiyo hesabu ya meno sikuwahi kuelezwa na mtu. Herufi zina urefu wa sentimita 12, unene ni kama hiyo 20 uliyosema, na ni kweli kwenye kipande cha majaribio sehemu ya katikati ilienda chini sana nikashangaa. Kuhusu rula, nimeweka sasa hivi. Umepinda. Tena wiki iliyopita ulikuwa umenyooka, nilipitisha kwenye mashine ya randa kwa fundi mmoja hapa Majengo.

---

MzeeRanda (Usa River)

Swali moja tu kijana. Huo mti umekatwa lini?

---

KijanaWaRau

Shikamoo mzee. Aliniambia uliangushwa kwenye mvua za mwaka huu, wakapasua kwa msumeno wa mnyororo hapo hapo shambani.

---

MzeeRanda

Marahaba. Sasa basi. Wewe unahangaika na biti na stika lakini ubao wako ni mbichi. Ulinyooka wiki iliyopita ukapinda wiki hii kwa sababu randa imeondoa ngozi ya juu iliyokauka, ikafungua ndani kulikobichi, upande mmoja ukaanza kukauka kabla ya mwingine. Hata ukiuchonga leo ukanyooka kama rula, ukifika Marangu kwenye ukungu ule utapinda tena, na mahali ulipounganisha kwa gundi ndipo patakapoachia.

Grevilia sio mti mbaya, huku kwetu mlimani imejaa kwa sababu ya kivuli cha kahawa, ina mchoro mzuri wa nyuzi na inachongeka. Lakini haivumilii nje ikiachwa uchi, na mchwa wanaipenda. Tena ikiwa mbichi kuna watu inawawasha ngozi, kwaiyo vaa mikono mirefu na barakoa, vumbi lake usilivute.

Ubao wa inchi 1 kuukausha kwa hewa ni suala la miezi, sio wiki. Panga juu ya vijiti vya unene mmoja, chini ya paa, upepo upite, jua lisipige moja kwa moja, ncha zake zipake rangi yoyote ya mafuta ili zisipasuke. Kama huna kipima unyevu, pima kwenye mzani kila wiki uandike. Uzito ukiacha kushuka, umekauka kwa hali ya hewa ya hapo ulipo. Ukipata kipima unyevu tafuta asilimia 12 hivi.

---

ChaliiWaSakina (Arusha)

oyaa mi naona mnamchosha jamaa bure, mzee wa Marangu anataka kibao mwezi wa sita nyie mnamwambia akaushe mbao mpaka lini?? chukua MDF (ile bodi ya unga wa mbao) milimita 18 chonga paka rangi maliza, hakuna cha kupinda wala nini, mteja hata hatojua

---

FundiNjiro

Chalii wangu MDF nje? Kwa mvua za Marangu? MDF ya kawaida ikinyonya maji inavimba kingo kama maandazi, na ukichonga ndo umefungua tumbo lake lote. Kuna MDF za kustahimili unyevu lakini nazo ni za jikoni na bafuni, sio za kusimama barabarani. Kama ni haraka aende marini bodi, ile plaiwudi ya kustahimili maji, ila marini bodi ukiichonga V zile tabaka zinaonekana na zinachanika kwenye kingo, inafaa zaidi kwa herufi za kukata na kubandika juu.

Na hilo la mteja hatojua, mteja amesema mbao ya shambani kwake. Atajua.

---

ChaliiWaSakina

sawa baba nimekoma 😂 basi achonge mkangazi kwanza kwa muda, ya kihamba ikikauka anafanya nyingine

---

FundiNjiro

Hapo sasa umeongea. Mkangazi uliokauka vizuri unachongeka safi mno kwa biti ya V, haukwanyuki. Mvule nao unavumilia nje sana kuliko hata mkangazi, ila una tabia ya kuwa na vijiwe ndani, vile vigumu vyeupe, biti ikikutana navyo inapoteza makali hapo hapo, na vumbi lake linawasha watu. Mninga mzuri lakini kumpaka mninga rangi ya kijani ni dhambi, huo acha uonekane wenyewe. Paini usiogope, ni rahisi na inapatikana kila mahali, shida ni vifundo, utomvu wake unapenya rangi baada ya muda unakuta duara la njano juu ya kazi yako. Lazima upake shelaki, ile ya kuziba utomvu, kwenye vifundo kwanza.

---

MamaVibao (Moshi)

Naona watu wameongea mbao na mashine, hakuna aliyemjibu mtoto wa watu kuhusu rangi. Mimi ni mwandishi wa vibao hapa Moshi, nimeanza na brashi kabla ya hizo mashine zenu, sasa hivi kijana wangu anachonga kwa CNC mimi napaka.

Mwanangu angalia kwanza rangi imevuja kuelekea wapi. Umesema kama mizizi. Stika ikiwa haijashika vizuri rangi inavuja kama doa, pande zote, hata juu na chini ya herufi. Ikivuja kama mizizi, kwenda kulia na kushoto kufuata nyuzi za mbao, hiyo haipiti chini ya stika, inapita ndani ya mbao. Ukichonga unakata nyuzi, na kila unyuzi ni mrija uliobaki mdomo wazi, rangi yako ya kwanza inafyonzwa humo inatokea pembeni chini ya ile kijani au inainua kijani yenyewe. Ndo maana hata ukibadilisha stika ya bei kubwa itavuja tu. Na mbao mbichi kama alivyosema mzee hapo juu inazidisha.

Dawa yake ni kuziba hiyo mirija kabla nyeupe haijaingia. Watu wengi wanapaka sandingi sila (ile ya kuziba mbao) au vanishi ya kung'aa iliyolegezwa kidogo, na hiyo ni sahihi kama uso wa kibao ni mbao tupu ya asili. Ila wewe uso wako ni kijani, kwaiyo tumia kijani ile ile. Ukishachonga, stika ikiwa bado ipo, pulizia vumbi lote litoke, halafu paka kijani nyembamba ndani ya herufi. Itakayovuja ivuje, ni kijani juu ya kijani nani ataiona. Ikikauka imeziba kila kitu, nyuzi na kingo za stika. Ndipo unaweka nyeupe. Itakula mikono (yaani tabaka za rangi) zaidi maana nyeupe juu ya kijani kizito inahitaji kufunikwa, weka andakoti nyeupe, ile rangi ya kutangulia, mkono mmoja halafu nyeupe yenyewe miwili, yote myembamba. Usijaze shimo kwa mkono mmoja mzito, rangi itakusanyika chini kwenye ncha ya V, juu itakauka ngozi chini bado maji, wiki ya pili inakunjamana.

Mengine ninayoyaona kwa vijana. Kijani ya chini haijakauka wanabandika stika, wakibandua inakuja nayo. Rangi ya mafuta hata kama ukiigusa haishiki kidole bado haijakomaa, mimi nabonyeza ukucha sehemu ya nyuma, ukucha ukiacha alama sibandiki. Kwa baridi ya Moshi mwezi wa sita na wa saba hiyo inaweza kuchukua siku nyingi kuliko mlivyozoea Januari. Halafu tina. Tina ile kali ya magari ukichanganya kwenye rangi ya herufi inayeyusha gundi ya stika na inalainisha kijani chini yake, tumia tapetaini kwa rangi ya mafuta. Na kubandua usisubiri mkono wa mwisho ukauke mpaka uwe mgumu, bandua ukiwa bado unanata kidogo, taratibu, ukiirudisha stika nyuma juu ya yenyewe, sio kuivuta kwenda juu. Rangi ikikauka kabisa inapasuka kingo kama karatasi iliyochanwa na mdomo.

Buni nyekundu usihangaike nazo na stika. Chonga, ziba, paka kwa brashi ndogo kwa mkono. Weka nyekundu mbili, moja iliyokolea upande wa chini, na kidoa cheupe kidogo juu, zitaonekana za duara.

---

KijanaWaRau

Shikamoo mama, asante sana aisee, nimeenda kuangalia vile vipande na ni kweli kabisa mizizi yote inaenda kulia na kushoto, juu na chini ya herufi pako safi. Sikuwa nimeona hilo.

Sasa nauliza, nikimaliza nipake vanishi juu ya yote ili ing'ae na kuzuia mvua?

---

MamaVibao

Marahaba. Juu ya rangi ya mafuta ya nje usipake. Vanishi ya kawaida jua la huku linaiua, inakuwa ya njano, inapasuka na kubanduka magamba, ukitaka kurudia inabidi ukwangue yote na rangi yako inaondoka nayo. Rangi yenyewe ndo kinga. Ikipauka baada ya miaka unapiga msasa mwepesi unapaka tena, na hapo ndo utaona faida ya kuchonga, mtu yeyote mwenye mkono uliotulia anaweza kufuata shimo.

Paka na nyuma. Nyuma na kingo zote nne, idadi ile ile ya mikono kama mbele. Vibao vingi vinavyopinda ni kwa sababu mbele kumefungwa nyuma kuko uchi.

---

FundiNjiro

Naongezea hapo kwa mama. Kwenye mashine mangi fanya hivi: ubao ukishakauka, pitisha randa pande zote mbili, uache utulie siku kadhaa, urudi uangalie na rula. Ukifunga mezani usiubane ukanyooka kwa nguvu ya klampu maana ukifungua unarudi kwenye upinde wake na hesabu zako zote zinaondoka. Weka vipande vyembamba vya kadi chini palipo na uwazi ndo ubane. Halafu pitisha biti pana ile ya kusawazisha uso, ondoa nusu milimita tu, ubao wote. Kuanzia hapo ubao usitoke mezani: paka kijani hapo hapo, ikomae hapo hapo, stika hapo hapo, ndo uweke ziro ya Z (pale biti inapoanzia kuhesabu kina) na kuchonga. Mashine italala siku kadhaa ndio, ila herufi zitalingana.

Kwa herufi zako za unene wa 20, weka kikomo cha kina milimita 6. Biti bapa ya milimita 6 inasafisha katikati, halafu V inamalizia kingo na kona. Kwa V ya 90 mteremko unakuwa mpana na jua linacheza vizuri humo, kwa 60 kingo zinasimama zaidi. Mi kwa kibao cha barabarani napenda 90. Biti zote mbili zipime ziro mahali pamoja, ukipima moja kwenye kona na nyingine katikati utaona ngazi ndani ya herufi. Na biti bapa kama unaweza pata ile inayosukuma chipsi kwenda chini, ile ya kuvuta juu itakuchania stika.

Umeme ukikatika katikati ya kazi usiguse kitu. Kama una swichi za mwisho, zile za ukingoni mwa meza, rudisha mashine nyumbani (kwenye kona yake ya kuanzia) kwanza, GRBL inakumbuka ziro yako ya kazi, ile ya G54, hata ikizimwa, unaendelea. Kama huna swichi, kabla ya kuanza toboa katundu kadogo pembeni ya kazi kwenye meza, ndo alama yako ya kurudia.

---

ChaliiWaSakina

swali la kizushi, sentimita 12 inasomeka ukiwa kwenye gari?

---

MamaVibao

Kwa sisi tunaoandika, sentimita 10 inasomeka kwa raha mita kama 12, mbali zaidi ya hapo unaisoma lakini unakodoa. Kwa hiyo kama kibao kiko getini mtu anashuka na mkoba wake, 12 inatosha kabisa. Kama mzee anataka kisomwe na dereva anayeteremka kutoka geti la mlima haitoshi, apunguze maneno aongeze herufi, abaki na KIHAMBANI na mshale. Na kama ni pembeni ya barabara kuu aulize kwanza mipaka, vibao vilivyo ndani ya hifadhi ya barabara tunavijua mwisho wake, unakuta X nyekundu juu ya kazi yako.

---

MzeeRanda

Nguzo usizike mbao ardhini. Bomba la chuma au nguzo ya zege, kibao kianzie juu. Skrubu ziwe za kutoshika kutu, tundu la ubao liwe kubwa kidogo kuliko skrubu ili mbao ipate nafasi ya kutanuka. Juu weka kipaa kidogo hata cha bati, maji yasisimame kwenye ukingo wa juu. Na gundi ya kuunganisha vile vipande uliyotumia ni ipi? Kama ni ile nyeupe ya kawaida ya ndani, pasua hapo pa kuungia urudie na gundi ya kustahimili maji, kopo lake linaandikwa D4.

---

KijanaWaRau

Ni hiyo nyeupe mzee. Nitaupasua.

Nimeongea na mteja leo. Nimemwambia ubao wake ni mbichi, nikamtumia na picha ya rula. Hakukasirika, kasema hata wao kahawa hawakaangi ikiwa mbichi. Tumekubaliana nimtengenezee kimoja cha mkangazi sasa hivi cha getini, na mbao ya kihamba naipanga juu ya vijiti kwa shemeji yangu Pasua ana banda zuri, ikikauka namfanyia cha ndani pale wanapokaangia kahawa, hapo haitanyeshewa.

FundiNjiro samahani swali la mwisho, tawi la kahawa nimelitoa kwenye picha ya JPG, nikilipeleka kwenye programu linakuja na vipande vipande vingi na biti inaruka ruka.

---

FundiNjiro

Ulibadilisha kwa kubofya tu mara moja eeh, ile inakupa nukta elfu na ushee. Fungua Inkscape, programu ya kuchorea, weka JPG chini kama kivuli, chora tawi upya juu yake kwa mkono na kile chombo cha mistari ya kupinda, nukta chache, kila jani liwe mstari mmoja uliofungwa. Buni ziwe duara tu. Hifadhi kwa faili la SVG, kama programu yako haisomi basi DXF. F-Engrave ni ya bure na inatoa njia ya biti ya V moja kwa moja kama huna ya kulipia. Ukikwama weka picha ya skrini hapa, sio picha ya kioo uliyopiga na simu, siku hizi naona zile tu.